Picha ya Tatu Haina Tembo

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili, maana siku ya kuondoka sikukuaga vizuri. Basi lilikuwa linapiga honi, na wewe ulikuwa umejifungia chumba cha giza na picha za harusi za watu. Magoti ya Mama yanasemaje? Mwambie dada yako huyo apande ngazi polepole, na aache kubeba ndoo kama msichana. Fundi naye bado anashona na kuimba hapo jirani? Msalimie.

Mimi sijambo, ila situlii. Kambi ni mahema juu ya sakafu za mbao, jiko, ofisi ya bati na tangi la maji. Alfajiri tunatoka na wageni, tunafuata wanyama mpaka jua linapokuwa kali, halafu narudi kuchapa picha ili wageni waondoke nazo. Dereva wetu anaitwa Ngojangoja. Kila neno lake ni "ngoja." Simba amelala mita chache, mwanga ni wa dhahabu, mimi nataka tusogee, yeye anazima gari na kusema, "Ngoja, dada, huyo hajatupa ruhusa." Natamani kumfinya.

Kule studio mtu analipa, anakaa kwenye stuli, ananyoosha shingo. Huku hakuna anayekaa. Nikilenga swala, ameshakwenda. Usiku nalala na kidole bado kinabonyeza. Lakini Mjomba, kazi hii naipenda mpaka naona aibu kukwambia, kwa kuwa najua ulitaka nibaki dukani.

Pete yako ya shaba iko kidoleni. Nakutumia picha nne za kwanza. Simu huku ni ya kupanda kilimani, na ukifika juu inakatika kabla ya marahaba, kwa hiyo tuandikiane. Lori la vyakula linachukua barua.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, zote mbili. Mama yako mzima, magoti yake hayasikii dawa wala ushauri, kama mwenyewe. Anauliza utarudi lini. Nimemwambia mwezi wa kumi na mbili. Kama nimesema uongo, utanisaidia kuubeba.

Mwandiko huu ni wa Fundi. Vidole vyangu vimeliwa na dawa za kusafishia picha, siwezi kushika kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika. (Mimi Fundi nakusalimu sana. Naimba bado.)

Picha zako nimezipokea, nikaingia nazo chumbani peke yangu kama kawaida yangu. Unajua msimamo wangu: barua mtu anaweza kusomewa, picha haisomewi mtu. Sasa nikuulize. Wanyama wako wamegombana na wewe? Mmoja kanipa ubavu, mwingine kanipa mkia. Nilikufundisha nini? Picha bila macho ni kivuli tu. Hata mtoto wa miezi mitatu, anayelia mpaka anatapika, mimi nampata. Nagonga pete kwenye mguu wa stendi, kong', kong', anageuka, nabonyeza. Kwa nini nilikupa pete? Uipeleke porini ikapunge upepo?

Tena uko mbali. Sogea. Mnyama ajaze fremu, macho yawe makubwa, yang'ae. Kioo cha dirishani bado kina yule bibi harusi wa zamani, amepauka mpaka wapita njia wanadhani ni mzimu. Nataka nimtoe, niweke picha yako. Lakini iwe na macho.

Mjomba wako


25 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa hasira. Ya Mama nimesikia. Mwezi wa kumi na mbili siwezi kuahidi, wageni ni wengi wakati huo. Usimwambie hivyo, mwambie nimemsalimu.

Vidole vinaendeleaje? Ulizishika dawa hizo miaka yote bila hata kuwashwa, leo ndiyo zimekula vidole? Na Fundi kaandika "mwingine kanipa mkia" wakati katika picha zile nne hakuna hata moja yenye mkia tupu. Labda umezichanganya na za mtu mwingine.

Kuhusu kusogea: kuteremka garini ni marufuku. Sheria ya hifadhi, na ya kambi, na ya Ngojangoja. Nilimwonyesha pete, nikamweleza tunavyowaita watoto studio. Alicheka mpaka akaweka kichwa kwenye usukani. Akasema, "Dada, mnyama porini akikutazama, ujue umekosea." Nikamwambia Mjomba wangu amepiga picha watu wa mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyemng'ata.

Nimekuletea twiga sita, mmoja ana macho mazuri ya kulia. Kuna tembo jike na ndama wake, huja karibu na kambi kunywa maji ya tangi. Huyo ndiye wa dirishani, nimeshaamua. Nakuahidi.

Mpwa wako


15 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Kwetu salama. Binamu yako anataka kuoa, mchumba bado hajaambiwa. Mama yako anasema usiache kula.

Vidole vyangu si habari ya kuandikia barua.

Twiga wako nimewaona. Mbona wadogo kama chawa? Nimekaa nao mlangoni kwenye jua, sijaona macho ya kulia wala ya kucheka. Unaogopa nini? Sheria zote za picha ni mbili tu: kamera iwe sawa na macho ya anayepigwa, na macho hayo yakutazame. Ukiwa juu ya gari utampiga tembo utosi, kama kinyozi. Teremka, weka stendi, gonga pete. Huyo dereva wako aendelee kungoja, kungoja ndiyo kazi yake.

Usinione mkali. Silali vizuri siku hizi. Naamka, naweka stuli kulia, naihamisha kushoto, nafuta lenzi ambazo ni safi. Ninachosubiri ni huyo tembo tu. Niletee macho yake.

(Fundi hapa. Amenizuia kuandika kwamba jana alimpiga mteja picha ya pasipoti bila kichwa. Nimeandika wakati anatafuta kikombe chake. Kiko mbele yake.)

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua zako mbili za Mei nilizipata. Mimi mzima. Mvua zilikata barabara, lori halikuja, halafu kazi za ofisini zikanizidi. Msalimie Mama, mwambie nakula.

Mwandiko umeharibika kidogo. Najifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, mchezo tu.

Kuna jambo nimejaribu kukuandikia, nikachana karatasi, nikaandika tena, nikachana. Nimeshindwa. Basi nimeweka picha tatu kwenye bahasha. Mbili za kwanza ni simba na twiga, za zamani. Ya tatu itazame peke yako, kama kawaida yako, uitazame vizuri. Jibu la maswali yako yote limo humo. Ukishaiona, niandikie chochote utakacho. Hata ukinitukana nitapokea.

Mpwa wako


14 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba! Umenifurahisha. Mama yako naye kafurahi, kapanda ngazi kuja kuniuliza habari zako, na magoti yale.

Simba safi, twiga safi. Lakini ile ya tatu! Tembo gani yule, amejaa fremu nzima, lile umbo lake kubwa la kijivu, halafu macho yananitazama moja kwa moja kama ananidai. Umeona sasa? Uliteremka, uligonga pete, aligeuka. Nilikwambia mimi! Nakutukana kwa lipi, mwanangu? Nimekusifu mtaa mzima. Bibi harusi nimemtoa dirishani leo hii, na tembo wako ameingia. Mwandiko wa kushoto achana nao, Fundi anasema ni kama kuku amepita kwenye wino.

(Fundi. Picha aliyoitundika dirishani ameigeuza uso ndani. Nje tunaona karatasi nyeupe. Watu wanauliza, nasema ni mtindo mpya. Kuitazama ananikataza, na mimi sikuitazama.)

Mjomba wako


28 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Katika picha ya tatu hakuna tembo.

Nimekaa na barua yako tangu lori lilipofika, natoka nje, naingia ndani, mpishi ananiuliza nimepoteza nini. Njia ya mwongo ni fupi, Mjomba, na wewe hujawahi kuwa mwongo mzuri. Huoni. Vidole havijaliwa na dawa yoyote. Tangu lini? Ulipokuwa umejifungia chumba cha giza siku naondoka, ulikuwa unasafisha picha, au ulikuwa unajificha nisione unavyopapasa mlango?

Mganga mkuu wa hospitali alitangaza mwaka jana, kwenye kambi ile ya macho pale shuleni, kwamba mtoto wa jicho anatolewa na mtu anarudi nyumbani anaona. Tulikuwepo wote, wewe ukiwapiga picha. Ulimpiga picha mzee aliyefunguliwa jicho, akakushika shavu. Kama ni hilo linalokusumbua, kwa nini umekaa? Na kama ni jingine, kukaa ndiyo kubaya zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa sikiliza. Sitakwambia picha ya tatu ina nini. Picha haisomewi mtu. Maneno ni yako. Na usimwombe Fundi, nimemwapisha hapa chini. Nenda hospitali. Wakikufungua jicho, itazame, kisha uniandikie kwa mkono wako mwenyewe.

Fundi, kuanzia hapa usisome kwa sauti. Mwambie nimekuandikia vipimo vya gauni. Mwezi wa tano niliteremka garini. Niliweka stendi sawa na macho ya tembo na nikagonga pete, kong', kong', kama Mjomba afanyavyo kwa watoto. Tembo aligeuka, tena alinitazama kweli, masikio yamefunguka, ndama nyuma yake. Kisha akaja. Ngojangoja alinivuta mlangoni kwa ukosi wa shati. Stendi ilisagwa. Mkono wangu wa kulia umevunjika juu ya kiwiko. Picha ya tatu ni mimi, nimekaa kwenye stuli mbele ya ukuta wa bati wa ofisi, mkono umefungwa plasta. Tangu siku ile sijagusa kamera. Gari likiwashwa asubuhi, naingia stoo na kujifanya nahesabu mataulo. Akijua sasa hivi kwamba niliumia kwa kumtafutia macho, hatakwenda hospitali wala hatakula. Atakaa gizani ajihukumu. Kwanza aone. Nakuomba kwa jina la sindano yako.

Mpwa wako


10 Agosti

Wewe mtoto,

Marahaba, ingawa hustahili.

Ni nani aliyekufundisha kumfunga mjomba wako kamba? Ndiyo, sioni vizuri. La kulia limekufa kama balbu, la kushoto linaona ukungu na vitu vinavyong'aa. Ni mtoto wa jicho, nilipimwa zamani, kabla hujaondoka. Umefurahi? Nilinyamaza kwa sababu ningesema usingeondoka, na ulikuwa umekwisha kufunga begi. Na hospitali siendi kwa sababu jicho ndilo jembe langu. Nimpe mtu kisu aliguse? Akiteleza? Sasa hivi angalau naona ukungu. Naogopa, basi. Nimesema. Fundi, liandike hivyohivyo.

Lakini hiyo picha yako imeninyima usingizi wote uliobaki. Nimeitoa dirishani. Nimeipeleka kwenye jua, nimeishika kichwa chini, nimeinusa. Kijivu kikubwa, na katikati kitu cheupe. Nini hicho cheupe? Pembe? Nguo? Ni wewe? Umeolewa? Kama umeolewa bila kuniambia sema tu. Nimemshika Fundi shati nikamwambia anitazamie, akakimbia na pini mdomoni. Mama yako nilitaka kumwonyesha, nikaona nitakuwa nimevunja neno langu mwenyewe. Usiku natembea kutoka stuli hadi mlango, mlango hadi stuli. Eti gauni! Fundi analia kwa sababu ya vipimo vya gauni?

(Fundi. Nimeshona suruali ya mwalimu miguu yote miwili ya kushoto. Siwezi kubeba hili kwa muda mrefu. Lakini leo asubuhi ameniuliza hospitali ya macho wanafungua saa ngapi. Nimemwambia nitamsindikiza. Amesema aliuliza tu. Kisha amevaa viatu.)

Mjomba wako


6 Septemba

Mpwa wangu,

Naandika mwenyewe. Usicheke mistari.

Wamelifungua la kushoto. La kulia bado, wanasema lisubiri kidogo. Jamani, bluu! Nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Mashati ya watu mitaani yalinipigia kelele. Nilirudi studio, nikaliona lile pazia la nyuma lenye mlima, ambalo mbele yake watu hupigwa picha. Mjomba wako amekuwa akiwapiga picha wateja mbele ya mlima wenye doa la chai tangu siku nyingi, na hakuna aliyeniambia. Nikakaa chini nikacheka.

Kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikaitazama.

Nimekuona. Sitakuuliza iliumaje. Nilitoka nikamuuliza Fundi, akasema yote kwa pumzi moja, kama mtu aliyetua gunia, akaenda zake kulala mchana. Mimi ndiye niliyesema sogea. Mimi ndiye niliyesema teremka. Wanyama wako walikuwa wakubwa na wazuri, nimewatazama wote sasa, hata yule twiga wa machozi. Niliomba macho kwa sababu nukta mbili zinazong'aa ndizo pekee nilizokuwa naziona, na niliona haya kusema. Nikakutuma wewe ukaniletee. Nimelia kwa jicho ambalo nimekatazwa kulilia. Nisamehe, mwanangu.

Mama yako anajua yote, ya jicho na ya mkono. Ametununia sote wawili, na kununa kwake unakujua: anapika, anaweka mezani, anaondoka.

Nimeandika hapa "rudi nyumbani," nikafuta, nikaandika, nikafuta. Unaona karatasi ilivyotoboka. Stuli ipo, duka lipo, ukitaka ni lako. Lakini Fundi ameniambia kuhusu mataulo. Ukirudi, urudi kwa sababu unataka, usirudi kwa sababu gari limewashwa.

Kitu kimoja kinanisumbua kama fundi wa picha. Pale ukutani hutazami lenzi. Mtu niliyemfundisha mwenyewe! Umetazama pembeni, mdomo wazi. Ulikuwa unaangalia nini?

Mjomba wako anayeona


20 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mistari yako imepanda kilima na kushuka, na sikucheka hata kidogo. Niliwaonyesha watu wa jikoni. Mwambie Mama nitakuja Desemba, wiki moja, anune nikiwepo. Nisamehe na mimi kwa kukuficha. Kukusamehe wewe nilishakusamehe kabla ya plasta kukauka.

Uliuliza nilikuwa naangalia nini. Ngojangoja ndiye aliyenipiga ile picha, na nyuma yake, kwenye tangi, tembo alikuwa anakunywa maji. Yuleyule, na ndama wake. Nilikuwa natetemeka mpaka stuli ikawa inagonga ukuta. Ngojangoja hakujua hata kwamba yupo. Hilo ndilo nililoshindwa kuliandika: kwamba naogopa, na kwamba hata katika kuogopa sikutaka kuondoa macho kwake.

Plasta imetolewa, mkono umekonda kama wa mtu mwingine. Barua yako ilifika juzi. Jana alfajiri gari lilipowashwa niliingia stoo, nikashika taulo, nikaliweka, nikatoka. Ngojangoja akasema "ngoja," akanifungulia mlango. Tulimkuta tembo yule karibu na mto. Nilikaa ndani ya gari, kamera juu ya mfuko wa maharage badala ya stendi. Tulingoja mpaka jua likawa kali. Hakutujali. Alimsukuma ndama kwa mkonga, wakaanza kuondoka, na hapo nikabonyeza.

Ni mgongo mtupu, Mjomba. Makalio yenye mikunjo, mkia, na ndama pembeni. Hakuna jicho hata moja. Mtundike dirishani hivyohivyo, uso nje. Pete nimeitia kwenye bahasha, ni ya watoto wanaolia.

Hakugeuka, na mimi sikumwita.

Mpwa wako